Torenti Inajikokota? Mwongozo Kamili wa Kuipa Kasi, Hatua kwa Hatua

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu torenti umepitwa na wakati, na mwingine ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Eti ongeza miunganisho ifike elfu tano. Eti zima kabisa kupandisha. Eti bandika traka mia mbili (seva za kuwakutanisha wenye faili moja), halafu weka kiraka kwenye Windows. Mtu anafuata yote hayo, anazima na kuwasha kompyuta, na torenti inabaki pale pale kwenye KB 40 kwa sekunde.

Kwa kawaida kuna kitu kimoja tu kinachobana kasi kwa wakati huo. Huenda ni kundi la watu wenye lile faili, huenda ni laini yako, ruta, poti iliyofungwa, au hata diski. Ukihangaika na kisichobana, utabadilisha mipangilio yote na kasi isisogee. Ndiyo maana hapa tunapima kwanza, halafu ndipo tushike vitufe.

Nitatumia programu ya qBittorrent. Ni ya bure, haina matangazo, na ipo kwa Windows, Linux na Mac. Transmission na Deluge nazo hazina shida, ila majina ya vitufe yatatofautiana kidogo. Kama bado umeng'ang'ania uTorrent kwa mazoea tu, kumbuka kilichotokea Machi 2015: watumiaji wake walilalamika kwamba imewawekea programu iitwayo Epic Scale, iliyokuwa ikitumia kompyuta zao kuchimba sarafu za kidijitali. Mimi nisingerudi huko.

Mifano yote itakuwa ya mafaili halali: mifumo ya kompyuta ya Ubuntu na Debian, Wikipedia ya Kiwix (ya kusoma bila intaneti), na hazina ya Internet Archive. Sheria za hakimiliki zipo, Tanzania hata Kenya, na torenti haifichi mtu: kila uliyeunganishwa naye anaiona anwani yako ya IP. Isitoshe, mafaili hayo ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote, kama utakavyoona kwenye hatua ya pili.

Mchezo wenyewe unavyochezwa

Bram Cohen alipoitoa BitTorrent mwaka 2001, aliijenga juu ya kanuni ya nipe nikupe. Faili hukatwa vipande vipande, na kila anayeshusha hugawa vipande alivyokwisha kupata huku akiendelea kupokea vingine. Kila kipande kina alama yake ya ukaguzi. Kikifika kimeharibika kinatupwa na kuombwa upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi programu inakagua kilichopo na kuendelea ilipoishia. Kwa anayeishi na umeme wa kwenda na kurudi, hiyo peke yake inatosha kumfanya aipende torenti kuliko kushusha moja kwa moja kwenye kivinjari, ambako GB 5 zinaweza kupotea zikiwa zimefika asilimia 97.

Kwenye muundo wa awali, kila baada ya sekunde 10 programu inaangalia ni nani wanaoipa zaidi, na kuwafungulia wanne kati yao. Kila baada ya sekunde 30 inambahatisha mmoja zaidi, ili wageni wasio na kitu wapate pa kuanzia. Programu za sasa zimeongeza manjonjo yao, lakini msingi ni huo. Mkono mtupu haulambwi: ukizima kupandisha, wenzako wanaoshusha kama wewe watakufungia, na utabaki ukisubiri ile bahati ya nusu dakika au huruma ya wagawaji.

Wagawaji ni wale wenye faili zima, ambao programu inawaita "Seeds". Hawahitaji chochote kutoka kwako. Palipo na wagawaji wengi utashusha vizuri hata ukiwa bahili. Walipo wawili watatu tu, ukarimu wako ndio unaoamua.

Hatua ya 1: Jua dari ya laini yako

Kampuni za mtandao huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde. Programu ya torenti huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawa kwa nane. Kifurushi cha Mbps 20 dari yake ni MB 2.5 kwa sekunde, na torenti ikicheza kwenye MB 2.2 au 2.3, umefika, funga ukurasa huu ukapumzike. Kwa kasi hiyo ya MB 2.5, faili la GB 5.8, ukubwa wa kawaida wa Ubuntu ya siku hizi, linachukua dakika kama 40. Nimeona watu wakihangaika usiku kucha kutibu laini ambayo haiumwi.

Pima kwa tovuti yoyote ya kupima kasi, torenti zote zikiwa zimesimama, na uandike namba mbili: ya kushusha na ya kupandisha. Hiyo ya pili tutaihitaji sana.

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni. Vipimo hivi vyenyewe huchagua seva iliyo jirani, Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingine ndani ya mtandao wa kampuni ile ile inayokuuzia kifurushi. Wenzako kwenye torenti wengi wako Ulaya na Marekani, upande wa pili wa nyaya za baharini. Pima tena ukichagua mwenyewe seva ya London au Frankfurt. Ikiwa ya jirani inakupa Mbps 20 na ya London inakupa 6, hiyo 6 ndiyo iliyo karibu na ukweli wako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, Afrika Mashariki nzima ilionja jambo hili. Siku kama hiyo hakuna kitufe kwenye qBittorrent kitakachokusaidia.

Pima pia kwa nyakati mbili: saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa unaangalia video, na saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ikiwa kubwa, umeshapata dawa yako: panga torenti zishuke alfajiri.

Hatua ya 2: Jaribu na torenti isiyo na lawama

Nenda kwenye tovuti ya Ubuntu, sehemu ya njia mbadala za kushusha, uchukue torenti ya toleo la karibuni. Au ingia cdimage.debian.org na utafute folda zinazoanza na "bt". Makundi haya yana wagawaji wengi wenye laini nene, hasa Aprili na Oktoba, Ubuntu inapotoa matoleo mapya.

Iache dakika tano hadi kumi. Torenti huanza polepole na kuchanganya kadiri inavyopata wenzake, kwa hiyo usiihukumu kwa nusu dakika ya mwanzo.

Ikiwa Ubuntu inashuka karibu na dari yako na ile torenti yako nyingine inatambaa, kompyuta yako ni nzima na laini yako ni nzima. Tatizo liko kwenye kundi la faili lile, nenda hatua ya 3. Ikiwa hata Ubuntu inatambaa, tatizo liko kwako, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Soma kundi kabla ya kulilaumu

Kwenye qBittorrent, angalia safu ya "Seeds". Utaona kitu kama 3 (41). Namba ya nje ni wagawaji uliounganishwa nao sasa hivi, ya kwenye mabano ni wale wanaojulikana kuwepo. Ukiona 0 (0), na imebaki hivyo siku nzima, hakuna wa kukupa.

Bofya torenti, kisha kichupo cha "General", utafute "Availability". Namba hiyo inaeleza ni nakala ngapi kamili za faili zinazopatikana ukijumlisha vipande vya wote uliounganishwa nao. Ikiwa chini ya 1, mfano 0.97, kuna vipande ambavyo hakuna yeyote kati yao aliye navyo. Torenti itafika asilimia 97 na kukwama hapo hadi mwenye vipande hivyo atokee. Tafuta torenti nyingine ya faili hilo hilo.

Sasa fungua kichupo cha "Peers". Hapa ndipo penye utamu, na karibu hakuna anayepaangalia. Kila mstari ni mtu mmoja, na safu ya "Flags" ina herufi zinazosimulia mnavyoishi naye. D kubwa: unapokea kutoka kwake. d ndogo: unataka, yeye amekufungia. U kubwa: unampa. I: yeye ndiye aliyekutafuta na kukufikia. P: mnatumia uTP, njia ya kusafirisha data inayopisha wengine laini ikisongamana. H: mmekutana kupitia DHT, orodha ya wenzako inayotunzwa na programu zenyewe bila traka. X: umetambulishwa na mwenzako mwingine.

Ukiona d ndogo zimejipanga kutoka juu hadi chini, watu wapo, ila hawakupi. Ama hutoi chochote, ama wamezidiwa na foleni. Ukikosa I hata moja baada ya nusu saa kwenye kundi kubwa, hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje, na hapo hatua ya 5 inakuhusu.

Mafaili ya Internet Archive yana upekee wake. Unaweza kuona wagawaji sifuri na bado faili linashuka, kwa sababu seva zao wenyewe hutoa vipande kwa njia ya kawaida ya wavuti. Seva hizo ziko kwenye kichupo cha "HTTP Sources". Usiifute torenti ya namna hiyo kwa kuona sifuri tu.

Hatua ya 4: Kupandisha, si sana wala si sifuri

Kosa moja nimeshalitaja: kuzima kupandisha. Kosa la pili ni kinyume chake, kuacha kupandisha bila kikomo, na ndilo linaloziua laini nyingi za nyumbani.

Unaposhusha kitu, kompyuta yako haikai kimya. Kila mara inarudisha vijumbe vidogo vya kusema "nimepokea, leta kingine". Vijumbe hivyo vinapita kwenye njia ya kupandisha. Njia hiyo ikijaa vipande unavyowagawia watu, vijumbe vinasubiri foleni, aliyeko upande wa pili anadhani umezidiwa, anapunguza mwendo. Kushusha kunaanguka, kurasa za wavuti hazifunguki, na mwenye simu sebuleni anauliza nani ameharibu Wi-Fi.

Chukua namba ya kupandisha uliyoandika. Tuseme ni Mbps 5. Gawa kwa nane upate KB 625 kwa sekunde. Chukua kama asilimia 80 ya hiyo: KB 500. Fungua "Tools", "Options", kisha "Speed". Kwenye "Global Rate Limits", andika 500 kwenye "Upload" na uache "Download" bila kikomo. Nyumba ikiwa na watu wengi, shuka hadi asilimia 60.

Halafu nenda "Connection", utafute idadi ya nafasi za kupandisha kwa kila torenti. Weka 4 hadi 6. KB 500 zikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata KB 100, kiasi cha kukufanya uonekane mtu wa maana na kurudishiwa. Zikigawanywa kwa watu thelathini, kila mmoja anapata KB 16 na hakuna atakayekukumbuka.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiwashe torenti kumi kwa pamoja. Kwenye "BitTorrent", washa "Torrent Queueing" na uruhusu mbili zishuke kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Fungua poti

Programu inasikiliza kwenye poti moja, yaani namba ya mlango ambao wengine wanaugonga. Ruta yako, isipoambiwa vinginevyo, hailipeleki popote lile hodi. Bado utashusha, kwa sababu wewe unaweza kuwatafuta wenye milango iliyo wazi, lakini watu wawili wenye milango iliyofungwa kwa kawaida hawafikiani. Kundi likiwa na watu mia na nusu yao wamefungiwa, nusu hiyo huioni. Kwenye Ubuntu hutagundua. Kwenye torenti yenye wagawaji wanne, hapo ndipo inapouma.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Fungua "Tools", "Options", "Connection". Kwenye poti ya kupokea miunganisho weka namba kati ya 49152 na 65535. Achana na 6881 hadi 6889, poti za jadi za BitTorrent ambazo baadhi ya mitandao huzivizia.

2. Weka tiki kwenye "Use UPnP / NAT-PMP port forwarding from my router". Ruta nyingi zitaifungua poti zenyewe.

3. Windows ikiuliza kama uiruhusu qBittorrent kupita kwenye fayawoli, kubali. Kama uliwahi kubofya "Cancel", ingia kwenye mipangilio ya fayawoli, tafuta orodha ya programu zilizoruhusiwa na uweke tiki.

4. qBittorrent ikiwa imewashwa, nenda canyouseeme.org, andika namba ya poti, bofya. Ikifaulu, umemaliza.

5. Ikishindwa, ingia kwenye ruta kwa kivinjari. Anwani mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, au soma kibandiko chini ya ruta. Kwanza ipe kompyuta yako anwani isiyobadilika, kwenye sehemu inayoitwa "Address Reservation" au jina linalokaribiana na hilo; ukisahau hili, wiki ijayo anwani itabadilika na kila kitu kitakufa kimya kimya. Kisha tafuta "Port Forwarding" au "Virtual Server", uielekeze poti yako kwenye anwani hiyo, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, TCP na UDP. Ikikubali, zima UPnP kwenye ruta, maana inaruhusu kifaa chochote ndani ya nyumba kufungua mlango bila kukuuliza.

Poti imegoma kabisa? Huenda ni CGNAT

Anwani za IP za mtindo wa zamani ni haba, kwa hiyo kampuni nyingi, karibu zote zinapokuuzia mtandao wa simu, zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Ukiwa nyuma yake unaweza kufungua poti kwenye ruta yako hadi uchoke. Mlango unaokuzuia uko kwa kampuni.

Namna ya kujua: ndani ya ruta, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuambia IP yako. Zikifanana, huna CGNAT. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, basi ndiyo hiyo. Ikianza na 192.168, huenda ni ruta mbili nyumbani, kile kiboksi cha kampuni na ruta uliyonunua mwenyewe dukani. Hilo unaweza kulitatua: weka moja iwe ya kusambaza Wi-Fi tu.

Kwa aliyebanwa na CGNAT, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuwapigia huduma kwa wateja na kuomba anwani ya umma. Wengine huitoa kwa ada ya mwezi, wengine kwa wateja wa biashara tu. Ya pili ni IPv6, mtindo mpya wa anwani, ambao hauhitaji kugawana anwani. Fungua test-ipv6.com uone kama unayo. Starlink, kwa mfano, huwaweka wateja wake wa nyumbani nyuma ya CGNAT lakini inatoa IPv6. Hakikisha tu fayawoli ya ruta haizuii miunganisho inayoingia. Ya tatu ni VPN ya kulipia inayotoa poti, nitaigusa baadaye.

Kama zote tatu haziwezekani, usikate tamaa. Hakikisha uTP iko hai, yaani kwenye "Peer connection protocol" pameandikwa TCP na μTP kwa pamoja, kwa kuwa programu za sasa zinaweza kuitumia kuunganisha watu wawili waliofungiwa, mradi yupo mwenzao wa tatu wa kuwakutanisha. Kuna wanaoshauri uchague TCP peke yake kwa sababu uTP huwa na adabu mno, inapunguza mwendo kila inapohisi laini imeanza kusongamana. Kwa mwenye poti wazi, jaribio hilo lina mantiki. Kwa aliye nyuma ya CGNAT ni kujifungia kabisa.

Miunganisho, traka na mengine yasiyo na uzito

qBittorrent huja na kikomo cha miunganisho 500 kwa jumla na 100 kwa kila torenti. Kwa ruta nzuri, acha hivyo. Kwa ruta za bei nafuu na vile vidude vya MiFi, shusha hadi 200 na 50. Vifaa hivyo vina kumbukumbu ndogo ya kufuatilia miunganisho. Ikijaa, mtandao wa nyumba nzima unaganda na dawa ni kuchomoa na kuchomeka. Ukiona ruta inahitaji kuzimwa kila unapowasha torenti, jibu ni hilo.

Kile kiraka cha Windows kilikuwa cha XP. Mwaka 2004, Service Pack 2 iliweka kikomo cha miunganisho 10 inayojaribiwa kwa wakati mmoja. Kikomo hicho hakipo kwenye Windows za leo, na anayekupa faili la kukiondoa anakupa virusi.

DHT, PeX (kutambulishwa na wenzako) na Local Peer Discovery (kutafuta walio kwenye mtandao wako wa ndani), zote ziwe na tiki. Orodha ndefu za traka hazina madhara kwenye torenti za wazi, na mara chache huibua mtu mmoja wawili, lakini DHT kwa kawaida imeshawapata. Kuhusu usimbaji, yaani kuficha data inayopita, chagua "Allow encryption". Ukichagua "Require encryption" unawakata wote wasioutumia.

Wi-Fi na diski

Kama inawezekana, chomeka waya. Haiwezekani? Tumia Wi-Fi ya 5 GHz na ukae karibu na ruta. Kwenye majengo ya ghorofa ile ya 2.4 GHz imejaa ruta za majirani.

Diski husahaulika. Torenti haiandiki faili kutoka mwanzo hadi mwisho. Inaandika vipande hapa na pale, kazi ngumu kwa diski ya kuzunguka iliyozeeka na ngumu zaidi kwa fleshi. Shusha kwenye diski ya ndani, kisha nakili. Fleshi nyingi bado ni za FAT32, mfumo usiokubali faili linalofika GB 4. Ubuntu ya GB 5.8 itakataa hapo, na ujumbe wa hitilafu utakaouona hautakusaidia kujua kwa nini. Fomati fleshi iwe exFAT.

Kama unatumia bando

Kila unachopandisha kinakatwa kwenye bando. Ukishusha GB 5.8 na kugawa kiasi hicho hicho, umekula karibu GB 12. Kwenye "Options", "BitTorrent", weka torenti isimame uwiano ukifika 1, au 0.5 kama mfuko unabana. Ukiwa na mtandao usio na kikomo siku nyingine, rudisha fadhila.

Kwa wenye vifurushi vya usiku, kwenye "Speed" kuna "Alternative Rate Limits" na ratiba yake. Weka kikomo cha KB 5 kutoka 05:00 hadi 00:00, na torenti itafunguka yenyewe saa sita usiku. Saa ya programu ni ya kizungu, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Ukiandika 11:00 utakuta bando la mchana limeteketea. Linganisha kwanza na masharti ya kifurushi chako. Na KB 5 nazo, mchana kutwa, hufika mamia ya megabaiti. Kama bando la mchana ni dogo, zisimamishe kwa mkono.

Kwenye Android, LibreTorrent inatosha. Iondoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo simu itaiua skrini ikizima.

Kubanwa na kampuni ya mtandao, na VPN

Mwaka 2007 Comcast ya Marekani iligundulika ikituma ujumbe wa kughushi wa kukata miunganisho ya BitTorrent ya wateja wake, na Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaiamuru iache. Kwa hiyo kubanwa si hadithi. Ila kabla ya kumshuku mtoa huduma wako, soma masharti ya "matumizi ya haki" kwenye kifurushi: wengi hushusha kasi kwa kila kitu ukivuka GB fulani. Kipimo chepesi: kama tovuti na video ziko sawa, kupima kasi kuko sawa hata kwa seva ya London, na Ubuntu pekee ndiyo inayotambaa muda wote, hapo una sababu ya kushuku.

VPN inaweza kukwepa hilo, lakini haiongezi kasi ya laini, na kwa kawaida inaipunguza kidogo. Za bure karibu zote hazina poti, na nyingine haziruhusu torenti kabisa. Hata za kulipia uliza kwanza: Mullvad, inayosifiwa sana, iliondoa huduma ya poti mwaka 2023. Kwa walioko Tanzania, kumbukeni tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililowataka wanaohitaji VPN kuwasilisha taarifa zao kwa mamlaka.

Maabara ya shule, cyber, ofisi

Hapa torenti inashinda njia nyingine zote, na inasikitisha kwamba haitumiki. Tuseme unataka Wikipedia ya Kiwix kwenye kompyuta ishirini za shule. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100; ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha, anza na hiyo. Kwenye download.kiwix.org, chukua anwani ya faili la ZIM (aina ya mafaili ya Kiwix) na uongeze ".torrent" mwishoni, utapata torenti yake.

Iweke torenti hiyo kwenye kompyuta zote, zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, Local Peer Discovery ikiwa na tiki. Kompyuta zitajuana zenyewe na kugawana vipande kwa kasi ya waya wa ndani, kwa hiyo sehemu kubwa ya faili inaingia kutoka nje mara moja tu. Ili kubana bando zaidi, acha moja ishushe hadi mwisho kwanza, kisha chomoa waya wa intaneti kwenye ruta na uwashe zilizobaki. Kwenye "Speed", ondoa tiki ya "Apply rate limit to peers on LAN", kwa sababu kile kikomo cha KB 500 hakina kazi ndani ya chumba. Zikiwa kwenye Wi-Fi na zinagoma kuonana, ingia kwenye ruta uzime "AP Isolation". Ukizikagua, kwenye kichupo cha "Peers" anwani zote zianze na 192.168 na safu ya "Flags" iwe na L, yaani zimekutana kwenye mtandao wa ndani.